Nyumba Ileile

Msoma mita ya maji anaijua nyumba yako kuliko unavyodhani. Haingii sebuleni, hapewi kiti, na mara nyingi hata salamu anarushiwa kutoka dirishani. Lakini akishainama pale ukutani na kufuta vumbi kwenye kioo cha mita, keshajua kama mmepata mgeni, kama binti kaolewa kahama, kama choo kinavuja na nyinyi mmekaa tu mnailaumu bili. Mwanamke ninayemsimulia alifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Mitaani walimwita Dada Mita, na jina lake halisi likabaki kwenye barua za ofisini.

Udadisi ndio uliomponza. Alianza kujiuliza kwa nini maji yanayotoka kwenye tangi kubwa ni mengi kuliko yale yanayosomeka kwenye mita za watu, hata ukizijumlisha zote. Aliwauliza mafundi bomba, wakamwambia yanavuja. Akauliza yanavujia wapi, wakamwambia asiwasumbue, wao wana kazi. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ila hawakusema anayeuliza sana hupelekwa wapi. Mimi nitakwambia: hupelekwa shule. Mkuu wake wa kazi, kwa kuchoka, alimtafutia fomu ya masomo ya shahada ya uzamili. Shahada ya kwanza alikuwa nayo, aliipata kwa masomo ya jioni, miaka sita ya kusinzia juu ya madaftari. Akajaza fomu, akakubaliwa. Chuo kilikuwa upande wa pili wa nchi, siku mbili kwa treni, na yeye alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Raha ya kukubaliwa ilidumu hadi jioni, alipomkumbuka baba.

Baba yake alikuwa mwashi, tena mwashi wa sifa. Walimwita Mzee Timazi, kwa ile kamba yenye chuma kizito chini ambayo mafundi huning'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima. Inasemekana ukuta ukipinda hata upana wa kucha, Mzee Timazi alikuwa haongei na mtu siku hiyo. Kisha presha ya macho ikamzima jicho moja, na mwaka haukuisha ikamzima la pili. Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma. Mwaka uliofuata Dada Mita akapewa nyumba ya watumishi wa idara ya maji, akamchukua baba, wakahamia.

Ndani ya nyumba ile mzee hakushika fimbo. Hatua saba kutoka kitandani hadi mlango wa chumba, tisa hadi bafuni ukishika kushoto, kumi na nne hadi benchi la uani. Alijinyoa mwenyewe, alichemsha chai mwenyewe, aligombana na jirani juu ya ua bila msaada wa mtu. Wageni wengine waliingia, wakanywa chai yake, wakaondoka bila kujua kwamba mwenyeji wao haoni.

Sasa nyumba yenyewe ni ya kazini. Mtumishi akienda masomoni miaka miwili, anapewa mwingine. Ilibaki mzee aende kwa mwanawe wa kiume, na huko waliwahi kujaribu, mwezi mmoja. Kaka yake Dada Mita si mtu mbaya, wala mkewe. Walimpenda mzee mpaka wakamkalisha. Kila akinyanyuka, mtu alimshika mkono: baba kaa, utaletewa. Akashinda kwenye kiti barazani kama mzigo unaosubiri gari, na aliporudi mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kwa hiyo Dada Mita alimwambia kaka yake kavukavu: kama hatapata huko chuoni nyumba ambamo baba atatembea peke yake, barua ya chuo anairudisha, na asiulizwe tena habari za shahada.

Aliomba likizo ya siku tano, mbali na zile za safari, akatafute nyumba. Kabla ya kusafiri alichukua kamba, akamfuata baba nyuma ndani ya nyumba, kila hatua ya mzee anafunga fundo. Mzee alivumilia hadi fundo la kumi, akauliza kama anashonewa suruali. Aliambiwa ni kipimo cha hatua zake, ili huko aendako binti apime vyumba sawasawa. Mzee akasema haya, akaendelea kutembea, lakini alikuwa anatabasamu kwa jambo jingine kabisa, na Dada Mita hakuuliza ni jambo gani. Huyu ndiye mwanamke aliyeuliza idara nzima maji yanakwenda wapi.

Kule alikokwenda alipata dalali, mama wa makamo aliyefunga funguo nyingi kiunoni, ukimsikia kabla ya kumwona. Watu walimwita Mama Funguo. Alikuwa ameonyesha nyumba kwa kila aina ya mtu: wenye ndoa changa, wenye ndoa zilizochacha, wanafunzi, wachungaji. Lakini hakuwahi kuona mpangaji anayeingia chumbani, anafumba macho, ananyoosha mikono na kuanza kuhesabu. Mara ya kwanza alidhani ni maombi, akainamisha kichwa kwa heshima. Mara ya pili akauliza kwa upole kama kuna kitu dada amedondosha. Alipoelezwa habari ya mzee, akawa anatangulia mbele kusogeza viti.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofa ya tatu. Ngazi thelathini na nane, na ya ishirini na moja ilikuwa fupi kuliko wenzake. Dada Mita aliikuta kwa kisigino, nusura aende chini. Nyumba hiyo akaifuta kwenye orodha. Saa kumi na mbili jioni alipiga simu nyumbani kama walivyoahidiana, akamweleza baba habari za ngazi. Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza dirisha la huko juu linatazama nini. Dada Mita hakuwa ameangalia.

Nyumba ya pili ilikuwa safi mno, na mwenye nyumba naye msafi mno. Alipoambiwa habari za mzee aliuliza, bila haya, kama mzee hupapasa kuta, maana rangi ni mpya. Dada Mita alikunja kamba yake. Alitoka, na Mama Funguo akatoka nyuma yake akibamiza mlango kwa niaba ya wote wawili.

Ya tatu ndiyo ilikuwa kituko. Vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, kiwanja kimoja na kinu cha kusagia nafaka. Njia ya kuingilia imepinda, vidaraja vitatu vya kupandia mlangoni, kila kimoja na kimo chake, utadhani kila kimoja kilijengwa na fundi tofauti na hawakusalimiana. Dada Mita alifumba macho akapiga muundi kwenye cha pili, akafumbua akiwa amekaa chini. Kwa mazoea tu aliitazama mita: ilikuwa inakimbia, si kwa kuvuja bali kwa watu. Akakadiria kumi na mmoja. Mama Funguo akahesabu kwa vidole wapangaji wote wa uani, wakatoka kumi na mmoja, naye akabaki mdomo wazi.

Jioni alimsimulia baba ili wacheke. Mzee hakucheka, aliuliza. Kinu kinaanza kunguruma saa ngapi? Seremala anatumia mashine au randa ya mkono? Mbao gani, maana harufu zinatofautiana. Hao watu kumi na mmoja, kuna wazee? Kuna anayecheza bao? Dada Mita alijibu alichojua, ambacho kilikuwa kidogo, kisha akamrudisha baba kwenye hoja: vile vidaraja, kimoja kina urefu wa kiganja, kingine kiganja na nusu.

"Sikuuliza vidaraja, mwanangu," mzee alisema.

Wakaagana. Dada Mita alikaa kitandani katika nyumba ya wageni akiwa na kamba yake mapajani, akaona siku zinamwishia. Alikitaka kile chuo. Alikuwa amepita nje ya lango lake mchana ule, akaona kwenye ubao ratiba ya somo la upotevu wa maji, somo zima, wiki kumi na nne, na mwili ukamsisimka. Alilia kidogo, akanawa uso, akalala.

Siku ya nne Mama Funguo alimpeleka mtaa wa nyuma ya tangi la maji. Wakakata kona, na Dada Mita akasimama katikati ya barabara. Mbele yake kulikuwa na nyumba yake. Nyumba yake kabisa: kuta zilezile za matofali, kijibaraza kilekile cha sementi nyekundu, madirisha yenye komeo zilezile za chuma ambazo hazifungi vizuri. Zilikuwa nyumba za zamani za idara ya maji, zilizojengwa nchi nzima kwa ramani moja, na hizi za hapa zilishauzwa kwa watu binafsi. Moja ilikuwa inaachwa wiki hiyo.

Aliingia mbio. Wapangaji walikuwa wanafungasha, maboksi hadi dirishani, lakini yeye alihitaji kuona nini? Chumba cha baba hiki hapa, bafu lile pale, mlango wa uani ule. Alishika ukuta kama anayemshika ndugu aliyepotea. Mama Funguo, aliyekwisha kuzoea, alisimama kando akisubiri afumbe macho. Dada Mita akacheka, akamwambia hapa hakuna haja, nyumba hii naijua. Akasema anaichukua, wakaandikishana siku ileile.

Jioni hiyo hakungoja hata saa kumi na mbili. Alimpigia baba akiwa bado barabarani, akamwambia amepata, tena nyumba ni ileile, ramani moja, hatua zile zile, hatajifunza kitu. 

"Haya," mzee alisema. "Ahsante, mwanangu."

Hakuuliza swali hata moja. Dada Mita alichukulia kwamba ni furaha imemjaa.

Wiki mbili baadaye wakashuka kwenye treni, mizigo imetangulia. Njia nzima mzee alikuwa mpole, akijibu anachoulizwa tu. Mama Funguo aliwapokea mlangoni na funguo zake. Dada Mita alikuwa ameshamwagiza kwa simu apange kila kitu kama kilivyokuwa kule: kitanda ukutani, kabati pembeni. Alimpeleka baba hadi kitandani, akamwachia mkono, akarudi nyuma na kukunja mikono kifuani. Alikuwa ameingojea dakika hii tangu siku ile barabarani. Mzee akainuka, akaomba kwenda bafuni kunawa, akaacha fimbo kitandani. Akaondoka kwa uhakika wa mtu wa nyumbani, akageuka kushoto, na paji lake la uso likagonga ukuta, kishindo kikasikika hadi nje.

Dada Mita alimfikia, akamkuta anapapasa ukuta polepole, juu, chini, kulia. Damu ilikuwa kidogo, nundu ndiyo ilikuwa kubwa. Yeye mwenyewe akageuka kuangalia bafu lilipo. Lilikuwa kulia. Kila kitu kilikuwa kulia. Nyumba zile hujengwa mbilimbili, zikigawana ukuta mmoja, na ya huku hupangwa kinyume cha ya kule. Kule nyumbani waliishi nusu ya kwanza, hapa alikuwa amechukua nusu ya pili. Nyumba ya jirani yake wa kule alishaiingia mara mia kuomba chumvi na kupeleka maneno, na hakuwahi kuona kwamba bafu lao liko mkono mwingine. Macho yalimwonyesha njia kila mara, kwa hiyo hakuhitaji kujua. Katika nyumba zote alizokagua, hii ndiyo pekee ambamo hakufumba macho.

Alikaa chini sakafuni pale pale akaanza kulia. Alisema amemuumiza baba, alisema shule basi, kesho wanarudi. Mama Funguo alikwenda kutafuta maji ya baridi na kitambaa, na aliporudi alimkuta mzee anacheka. Si kicheko cha kumpoza mtu. Alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Nyumba hizi nimezijenga ujanani," alisema. "Mbilimbili. Nilijua inaweza kuwa ile ya upande wa pili."

"Sasa mbona hukuniuliza, baba?"

"Ulisema ileile. Mtu akishakwambia ileile, utamuuliza nini tena?" Akachukua kitambaa, akakibandika kwenye nundu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Siku ile uliponipigia simu, nilikwenda kukaa uani nikalia. Miaka minane, mwanangu. Ile nyumba nimeshaimaliza. Najua hadi ufa ulio nyuma ya kabati. Uliposema tunahama, nilifurahi kama mtoto, nikasema na mimi sasa nitapata kitu nisichokijua. Nisafiri siku mbili nije kulala chumba kilekile?"

Dada Mita alisema alitaka atembee bila kushikwa mkono, ni hilo tu, asije akakalishwa tena.

"Ile ya kwanza tulihamia nikiwa tayari sioni," mzee akasema. "Nani alinifundisha?"

Hakuna aliyemfundisha. Dada Mita alikumbuka wiki zile za mwanzo, yeye akiwa kazini mchana kutwa, akirudi anakuta baba ana vigaga vya damu kwenye muundi na uso uliokunjuka. Alikuwa amezisahau. Alikuwa amebaki na hatua tu, saba, tisa, kumi na nne, kama vile mzee alizikuta zimeandikwa ukutani.

Mzee akageuzia uso wake sauti ya funguo. Akauliza, kwa adabu ya mtu anayeomba kuonyeshwa kitambaa dukani, kama ile nyumba ya seremala imeshachukuliwa. Mama Funguo akasema nani aichukue, na kinu kile. Ile ya ramani, aliongeza, ina watu watatu wanaoigombea, kuibadilisha si kazi. Maana nyumba iliyo ileile lakini kinyume, mzee, binti na dalali walikubaliana, ni mbaya kuliko zote: miguu ya mzee ingemdanganya kila siku.

Wakaenda siku hiyohiyo, nundu na yote. Kinu kilikuwa kinanguruma, na mzee akasimama langoni akakisikiliza chote kabla ya kusogea. Akashika fimbo. Kidaraja cha kwanza akakipanda, cha pili kikamkwaza, akarudi chini akakipanda upya. Mlangoni alitoa mfukoni timazi yake, ile kamba kuukuu na chuma chake, akaiachia ining'inie kwenye fremu, akapitisha kidole kati ya kamba na ubao. Akatangaza kwamba mlango umelala kwa kidole kizima, na kwamba fundi wa mlango huu alikuwa na haraka au na deni la mapenzi. Seremala akatoka karakanani kujitetea, maana fundi ni yeye.

Mama Funguo akaona ni haki awaonye. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, akasema, na hii ila zake hata yeye hazijui zote.

"Basi tulale," mzee akasema.

Walihamia siku ya Ijumaa. Jumatatu ikawa siku ya kwanza ya masomo. Dada Mita alisimama uani na begi lake begani, lenye madaftari mapya, akimwangalia baba anashuka vidaraja kuelekea kwa seremala. Mzee akasimama kwenye cha pili, bila kugeuka, akamwambia kwamba anasikia midomo yake inahesabu, aache, aende shule. Akaenda. Ila usidhani alikwenda kwa raha. Njia nzima roho ilikuwa mkononi, na wakati mhadhiri anachora tangi na mabomba ubaoni yeye alikuwa anaona damu kwenye paji la uso. Ilimchukua nusu saa nzima kurudi darasani, na akarudi kwa sababu mhadhiri alisema hakuna anayejua kwa hakika nusu ya maji yale yanavujia wapi.

Jioni alipofika, benchi lilikuwa tupu. Chumbani hakuna mtu. Akatupa begi, akakimbilia karakanani, na huko akamkuta mzee amekaa juu ya gogo, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, mkono mmoja una plasta, mwingine umeshika ubao anaousugua kwa msasa. Wazee wawili wa uani walikuwa wamekaa mbele yake wakibishana naye jambo fulani kwa sauti ya kushindana na kinu. Mzee aliitambua hatua ya binti yake kabla hajasema neno.

"Leo nimejikwaa mara nne," alisema, na hakuwa analalamika.

Dada Mita akavuta kigoda akakaa. Mkono wenye plasta aliuangalia, akajizuia kuushika. Alitaka kumuuliza amekula nini, kama kuna aliyemvusha, kama vile vidaraja havitengenezeki. Maneno yote hayo yalimjia mdomoni, akayameza. Likatoka moja ambalo, pamoja na kamba yake na mafundo yake na siku tano za kufumba macho, hakuwahi kumuuliza.

"Baba, nyumba ikoje?"

Mzee akaweka ubao chini, akakung'uta mikono. Akaanza na mlango, akaingia ndani, akazunguka kila pembe, na giza lilipoingia alikuwa bado hajafika jikoni.